Suruali ya Kuvutika: Jaribu Kwanza, Ndipo Ukate

BARUA YA BIBI SHAMBA



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kung'oa maharage. Nilikushauri uyang'oe alfajiri, wakati maganda bado yana umande. Jua likishapanda, maganda hukauka na kupasuka, na maharage humwagika chini. Mavuno yako yanakuwa chakula cha njiwa.

Baada ya barua ile, mama mmoja wa huku Mbulumbulu alinisimamisha njiani. Tulisalimiana vizuri, kisha akasema, "Bibi Shamba, umetuambia alfajiri. Je, alfajiri ya mwezi wa saba unaijua, au unaisikia tu?"

Naijua. Mbulumbulu iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja ni msitu wa Ngorongoro. Upande mwingine ardhi inaporomoka kwenda Mto wa Mbu. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hutushukia kutoka msituni, na siku nyingine hauondoki mapema. Mama akiingia kwenye maharage saa kumi na mbili asubuhi, sketi yake inalowa mpaka magotini kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Sketi iliyolowa ni nzito, na inagandamana na miguu. Basi wengine husubiri jua. Na jua likija, maharage yanapasuka.

Kwa hiyo leo sitazungumza juu ya mbegu wala dawa. Nitazungumza juu ya suruali. Najua wapo watakaouliza: Bibi Shamba na cherehani, wapi na wapi? Mimi naona kwamba shauri la kilimo lisilofuatwa kwa sababu ya baridi halijamfaa mkulima bado.

Suruali ninayoisema ni ile ya kitambaa cha kuvutika. Inavaliwa chini ya sketi au kanga, na ncha zake zinaingia ndani ya buti. Haimzuii mtu kuinama, kuchuchumaa wala kuruka mfereji. Inashonwa nyumbani kwa cherehani ya kukanyaga, au hata kwa mkono. Lakini ina hila yake. Hila hiyo niliijua baada ya kuharibu kitambaa cha watu, na habari hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia.

KOSA LANGU

Kilikuwako kikundi cha akina mama kumi na wawili katika kijiji kimoja cha huku. Walikuwa wameuza mbaazi, na kila mmoja alikuwa ametenga fedha za kununulia magunia ya mavuno. Mimi ndiye niliyewaambia, "Tununue kwanza kitambaa. Magunia yatapatikana." Tulikwenda Karatu, tukanunua kitambaa kizito cha aina ya fulana, rangi ya udongo ili kisionyeshe uchafu.

Jioni ile ile tulikata. Nilileta suruali yangu mwenyewe, ambayo inanikaa barabara. Tuliikunja, tukaichora pembeni, tukapanga kitambaa mkunjo juu ya mkunjo, tukakata suruali kumi na mbili kwa mpigo mmoja. Mama mmoja aliuliza kama tusingekata moja kwanza tuione. Nilimjibu, "Kitambaa kinavutika. Kitamfuata kila mtu." Maneno hayo nayakumbuka mpaka leo.

Mimi ni mrefu na mwembamba kama mti wa mbaazi. Katika kikundi kile hapakuwa na mtu mwingine wa umbo langu. Asubuhi ya kwanza shambani, suruali tano zilifumuka mshono mara tu wenyewe walipoinama. Nne zilishuka kiunoni kila mama alipochuchumaa, ikawa mkono mmoja unang'oa maharage na mwingine unashika suruali. Tatu tu ndizo zilizokaa. Na fedha za magunia zilikuwa zimekwisha.

Nina cheti cha kilimo. Chuoni tulifundishwa kwamba mbegu mpya haipewi mkulima kabla haijajaribiwa. Maharage ya Lyamungu 90 na Selian 97 yalipandwa kwanza katika mashamba ya majaribio. Namba zile unazozisikia katika majina hayo zinaonyesha mwaka yalipotolewa kwa wakulima, yaani 1990 na 1997. Hayo yote niliyajua. Lakini mbele ya kitambaa niliyasahau, nikawa kama mtu anayepanda ekari kumi na mbili kwa mbegu asiyoijua.

KIJUE KITAMBAA CHAKO

Chukua kanga yako, uitazame karibu na dirisha. Utaona nyuzi zinazokwenda wima, na nyuzi nyingine zinazopita kwa kuvuka. Zinakatana kama mistari ya daftari la hesabu. Ukiivuta kanga kwa urefu au kwa upana, haivutiki. Ukiivuta kwa mshazari inakubali kidogo. Kitenge na shuka nyingi ni hivyo hivyo.

Sasa itazame fulana. Hiyo imefumwa kwa vitanzi vidogo vidogo, kitanzi ndani ya kitanzi, kama sweta. Ukivuta, kila kitanzi kinafunguka kidogo. Ukiachia, kinarudi. Sweta imefumwa kwa mikono tangu zamani, na mwaka 1589 Mwingereza mmoja, William Lee, alitengeneza mashine ya kwanza ya kufuma namna hiyo. Baadaye, mwaka 1958 huko Marekani, mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont alipata uzi wa kemikali unaovutika kama mpira. Uzi huo siku hizi huchanganywa na pamba kidogo kidogo. Ndiyo sababu vitambaa vingine vinavutika sana na kurudi kwa nguvu, na vingine vinavutika lakini vinabaki vimelegea.

Tofauti hiyo ni lazima uijue kabla ya kukata. Kunja kitambaa, uweke alama mbili zilizoachana sentimita 10. Kishike penye alama, ukivute kando ya rula, kwa nguvu ya kawaida. Usishindane nacho. Kama alama ya pili imefika 12, kitambaa kinavutika kidogo. Kama imefika 14 au 15, kinavutika sana. Kisha achia, upime tena. Alama ikirudi kwenye 10, ni kitambaa kizuri. Ikibaki kwenye 11, jua kwamba suruali yako itatokeza magoti kama ya ngamia baada ya siku mbili. Kitambaa cha namna hiyo mimi sikinunui, hata kiwe rahisi namna gani.

Pima hivyo kwa upana na kwa urefu. Upande unaovutika zaidi uzunguke mwili, yaani uzunguke kiuno na paja. Ukigeuza, mama hataweza kupandisha suruali makalioni.

Jambo jingine: kifue kitambaa kabla ya kukikata, ukianike mpaka kikauke. Pamba hurudi ikifuliwa. Heri irudi ikiwa kitambaa kuliko irudi ikiwa suruali.

VIPIMO, NA MAHALI TULIPOVICHANGANYA

Kosa jingine lilitokea siku ya pili, tulipoanza kupima kila mtu kwa mwili wake. Futi ya utepe ya fundi ina pande mbili. Upande mmoja ni inchi, upande mwingine ni sentimita. Mama mmoja alipima kiuno akasoma inchi, mwenzake akapima paja akasoma sentimita, na yote mawili yakaandikwa katika mstari mmoja wa daftari. Ikawa paja limekishinda kiuno. Tulicheka, lakini kama tungekata tungelia. Basi chagua upande mmoja, na katika ukurasa wa kwanza uandike: "Daftari hili ni la sentimita."

Pima kiuno mahali suruali itakapokaa. Pima makalio mahali penye unene kuliko pote. Pima paja, goti na kifundo cha mguu. Pima urefu kutoka kiunoni kupita ubavuni mpaka kifundoni.

Kipimo cha mwisho watu wengi hukiruka, na hicho ndicho kilichotuangusha sisi. Anza kiunoni mbele, pitisha utepe katikati ya miguu, umalizie kiunoni nyuma. Kipimo hiki mtu ajipime mwenyewe, kwa heshima. Halafu aketi kwenye kigoda na kupima tena. Utaona kipimo cha kukaa kinazidi kile cha kusimama, na ziada yake iko upande wa nyuma. Pale miguu miwili inapokutana nitapaita msamba, ili tuelewane huko mbele.

Nguo ya kuvutika haikatwi kwa upana uleule wa shati la kitenge. Shati la kitenge linaongezwa nafasi ya kupumua. Suruali ya kuvutika nafasi yake imo ndani ya kitambaa chenyewe. Kwa kitambaa kinachofika 14, mama mwenye makalio ya sentimita 100 tulimkatia 96, bila kuhesabu mishono. Kitambaa kizito kinachofika 12 tu tulimkatia 100 kamili. Hiyo siyo sheria. Ni mahali pa kuanzia jaribio.

BIBI NA SHUKA

Tulianza jaribio kwa bibi mmoja wa kikundi. Suruali yake ilikuwa mojawapo ya zile nne zilizoshuka. Bibi huyu ana magoti mabovu, na kwa baridi ya asubuhi magoti hayo humuuma sana. Kama suruali ilikuwa na mtu wake, basi mtu huyo ni yeye. Tena alikuwa hana fedha nyingine ya kutoa.

Kwa kuogopa kuharibu tena, nilisema tujaribu kwa shuka kuukuu. Tulikata shuka, tukapiga bandi, bibi akavaa. Ilibana. Tukafumua, tukapanua, akavaa tena. Baada ya mara tatu ikamkaa vizuri. Tukafurahi kabisa. Tukaiweka shuka juu ya kipande cha kitambaa kilichobaki, tukakata kwa kuifuata.

Bibi alipovaa, ikaning'inia kama gunia. Bila shaka wewe umekwisha kuona sababu. Shuka haivutiki, kwa hiyo tuliipanua mpaka ikamtosha. Kisha tukakata kwa upana huo kitambaa kinachovutika. Bahati nzuri ilikuwa kubwa mno, siyo ndogo mno. Kikubwa hupunguzwa.

Hapo tukajua kwamba nguo ya kujaribia lazima ivutike sawa na nguo ya kweli. Tulipita kwa wauza mitumba, tukatafuta fulana zilizochakaa ambazo hakuna anayezitaka. Tuliwashangaza wauzaji kwa kuvuta kila fulana kando ya rula. Tulichagua zile zilizofika 14 kama kitambaa chetu. Kutoka fulana mbili kubwa tulipata miguu, na ya tatu ikatoa sehemu ya kiuno. Viraka havidhuru, kwa kuwa nguo hii haiendi popote. Kazi yake ni kukuambia ukweli halafu iwe tambara la kufutia taa.

Karatasi ya kukatia ilikuwa gazeti kuukuu lililounganishwa kwa uji wa ngano. Hata gazeti hili unalolisoma litafaa. Lakini lisome kwanza.

MIKUNJO INASEMA

Bibi alivaa suruali ya fulana, akasimama mlangoni penye mwanga. Mbele palikaa vizuri. Nyuma palikaa vizuri. Nilikwisha kushika mkasi ili nikate ile ya kweli. Ndipo bibi akainama kuokota fimbo yake.

Akasema, "Mwanangu, nikisimama hii ni suruali. Nikiinama si suruali tena."

Kiuno kilikuwa kimeshuka nyuma karibu upana wa mkono. Nikamwomba ainame tena, nikatazama. Kulikuwa na mikunjo iliyotoka msambani, ikapanda kwa mshazari kuelekea makalioni, kama kamba zilizovutwa. Siku hiyo ndipo nilipojifunza kusoma mikunjo. Mkunjo uliokazwa unaelekeza kidole mahali kitambaa kilipopungua. Mkunjo uliolegea, unaoning'inia, unaonyesha mahali kilipozidi.

Tulifanya hivi. Bibi akiwa amesimama, na kanga ndani yake kwa heshima, nilikata ile suruali ya fulana kwa mkasi, kutoka mshono wa katikati nyuma kwenda ubavuni, pale makalio yalipo manene. Sikukata mpaka mwisho. Niliacha kidogo ubavuni ili isiachane. Kisha nikamwambia, "Bibi, inama." Pale nilipokata pakafunguka kama mdomo. Katikati pengo lilikuwa sentimita 5. Ubavuni lilikuwa halina kitu. Tukashona kiraka katika pengo hilo, bibi akainama tena, akachuchumaa, akakaa kwenye kigoda, akanyanyua mguu kama anayepanda gari. Kiuno hakikusogea.

Huoni kwamba lile pengo lilitupimia lenyewe? Hatukubahatisha. Tulichukua karatasi ya gazeti, tukaikata mahali pale pale, tukaifungua sentimita 5, tukabandika karatasi nyingine nyuma yake. Mstari wa katikati nyuma ukawa mrefu zaidi kuliko wa mbele. Kama una suruali nzuri ya dukani, ikunje utazame: nyuma imepanda juu kuliko mbele. Sababu yake ni hiyo.

Sasa bibi aliposimama wima, tuliona mikunjo midogo iliyolegea chini ya makalio. Mama mmoja, fundi mzuri wa magauni, alitaka kuiondoa. Nilimzuia, na mpaka leo nasema nilimzuia vizuri. Ukiiondoa mikunjo hiyo, unaondoa kitambaa ambacho mtu anakihitaji akiinama. Suruali ya kwenda kupiga picha ipimwe mtu amesimama. Suruali ya kung'olea maharage ipimwe mtu ameinama.

Nitakutajia mikunjo mingine tuliyoiona kwa wale akina mama wengine, ili ikikutokea usishtuke. Mistari inayolala kukatisha paja, imekazwa, maana yake paja ni jembamba mno. Ongeza kwenye mshono wa ndani wa mguu. Mikunjo inayosimama wima, imelegea, maana yake upana umezidi. Kamata kitambaa kwa pini pande zote sawasawa mpaka kikae, halafu hesabu ulichokamata. Mistari mifupi mbele, inayotoka msambani kama miale ya jua, maana yake msamba ni mfupi au umebana. Na mguu wote ukijisokota kama kamba, usihangaike na vipimo. Kitambaa kilikatwa kimekaa upande. Kwa huo hakuna dawa isipokuwa kukata upya, ukinyoosha vitanzi sambamba na urefu wa mguu.

Rekebisha jambo moja, ujaribu, ndipo urekebishe la pili. Kwa mama mmoja tulipanua paja na kuinua kiuno kwa siku moja, ikaharibika zaidi. Hatukujua ni lipi kati ya hayo mawili lililoharibu. Tukarudi mwanzo. Ni kama mkulima aliyebadili mbegu na mbolea msimu mmoja. Akivuna vizuri hajui amshukuru nani.

Wapo waliojaribu mara mbili tu wakamaliza. Bibi alijaribu mara nne. Mimi mwenyewe, mwenye suruali iliyoniponza, niligundua kwamba hata yangu ilikuwa fupi nyuma. Nilikuwa nimezoea kuivuta kila nikiinama, nikadhani ndivyo suruali zilivyo.

KUSHONA

Cherehani yetu ni ya kukanyaga, ya zamani, inashona mshono wa moja kwa moja tu. Haina mshono wa zigizaga. Ndiyo sababu suruali tano zilifumuka: kitambaa kilivutika, uzi haukuvutika, uzi ukakatika.

Ikiwa cherehani yako ni kama hiyo, legeza kidogo kamba ya uzi, tumia uzi wa poliesta badala ya uzi wa pamba, na wakati wa kushona vuta kitambaa polepole mbele na nyuma ya sindano. Usikivute mpaka kikawa na mawimbi. Shona mara mbili, mstari wa pili kando ya wa kwanza. Msambani shona mara tatu. Ukimaliza, vuta mshono kwa mikono miwili. Ukisikia mlio wa uzi kukatika, heri umeusikia ukiwa nyumbani.

Madukani huuzwa sindano za cherehani zenye ncha butu kidogo kwa ajili ya vitambaa vya kufumwa. Sindano kali hukata kitanzi, na kitanzi kilichokatika huacha tundu linalokua. Kama huna cherehani, shona kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano inarudi nusu hatua kila inapokwenda mbele. Mshono huo unavutika vizuri kuliko ule wa cherehani yetu, ila unataka uvumilivu na mwanga.

Lastiki ya kiuno ikatwe pungufu ya kiuno kwa sentimita 5 mpaka 8, lakini nayo ijaribiwe. Izungushe kiunoni, ifunge kwa pini, ukae nayo muda wa kupika ugali. Ikiacha alama nyekundu, ilegeze. Kwa mtoto acha ncha ndefu imekunjwa ndani, na mwakani utaiongeza.

DAFTARI

Zile suruali tisa zilizoharibika hatukuzitupa. Zilizoshuka tuliziongezea mkanda wa kitambaa kiunoni, mwembamba mbele na mpana nyuma. Tano zilizofumuka zilikuwa zimebana, kwa hiyo tulitia kiraka chenye pembe nne msambani, kikaipa miguu nafasi. Nne kati ya hizo zilikubali. Moja ilishindikana, ikakatwa kofia tatu za watoto. Mwenye suruali hiyo ni yule mama aliyeuliza kama tusingekata moja kwanza. Sikuwa na la kumwambia. Nilimnunulia kitambaa kingine kwa mshahara wangu wa mwezi uliofuata.

Magunia mwaka ule tuliazima, na wawili hawakupata. Maharage yao yalikaa sakafuni juu ya turubai mpaka yalipouzwa, kwa bei aliyotaka mnunuzi.

Lakini lilibaki daftari. Kila mama ana ukurasa wake, na karatasi yake ya gazeti imekunjwa ndani ya mfuko pamoja na jina lake. Vipimo viko juu. Chini yake yameandikwa marekebisho, kwa tarehe. Mwanzoni niliandika mimi. Kisha bibi aliniambia nimpe kalamu. Alisoma kisomo cha watu wazima, na tangu amalize alikuwa hajapata kitu cha kuandika isipokuwa jina lake kwenye mkutano. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa: NYUMA ONGEZA 5.

Aliniambia kwamba zamani Wairaqw walivaa ngozi, na sketi za wasichana zilitiwa shanga nyingi. Ngozi ililainishwa kwa mafuta, na ilimzoea mwenye kuivaa mpaka ikawa ya kwake peke yake. "Hii nayo ni yangu peke yangu," alisema. "Hata wewe huiwezi." Nilijaribu. Kweli siiwezi.

Juma lililopita nilipita kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilimkuta katikati ya shamba, sketi ameipandisha na kuifunga kiunoni, suruali imo ndani ya buti, maharage mkononi. Tulipokwenda nyumbani kunywa chai alinionyesha daftari. Alikuwa ameongeza mstari mpya bila kuniuliza: PAJA PUNGUZA 2. NIMEKONDA. Juu ya kiti ilikuwako fulana kuukuu, ameikata mguu mmoja tayari, na rula imelazwa juu yake.

Ni mimi,
Bibi Shamba wenu, Mbulumbulu